Bado Nasikia

Kwa mdogo wangu Kipaza,

Nakusalimu wewe, mke wako na watoto, na mama mkwe wako aliyekuja kukaa wiki moja na mpaka leo wiki haijaisha. Hapa kwangu hatujambo, kwa kipimo cha sasa. Mimi nakaa, nakula vyakula laini, natembea hadi getini na kurudi, na jana nimegombana na mke wangu kwa maandishi, kwa hiyo uelewe kwamba napona. Sasa nijibu na wewe: sauti yako inaendeleaje? Siulizi habari za afya kwa jumla, maana najua utasema salama, tunamshukuru Mungu. Nauliza sauti. Isome barua hii mpaka mwisho utajua kwa nini nauliza, na tafadhali usiikunje katikati ukasema utaimalizia baadaye. Nakufahamu.

Utashangaa siku hizi nani anaandika barua. Simu kwangu imekuwa ya kupokea tu, na meseji zako nimezichoka. Nikikuandikia maneno kumi, wewe unanirudishia kidole gumba kimesimama. Tangu nitoke hospitali umetuma salamu, umetuma machungwa, umetuma blanketi. Mwenyewe hujaja. Kila wikiendi una sherehe ya kuongoza, na katikati ya wiki una uchovu wa sherehe. Nilikuamini, kwa sababu kazi ya mshereheshaji naijua ni kazi ya koo, kama yangu ya mnada. Wenzetu wamezaliwa na mikono ya kazi, sisi tumezaliwa na makoo. Ndiyo maana mtaani mimi ni Honi na wewe ni Kipaza, na majina tuliyopewa na wazazi yamebaki kwenye vyeti.

Nianze na hospitali, kwa kuwa hujawahi kuniuliza. Daktari alinieleza mapema, tena kwa utaratibu, kwamba kansa imekikamata kikoromeo chote na kikoromeo kitatoka chote. Nitapumua kwa tundu hapa shingoni, chini kidogo ya pale kola inapofungwa. Sauti yangu haitarudi. Nikaitikia kwa kichwa, nikauliza maswali ya mtu mzima, nikasaini. Nilidhani nimeelewa. Nilipozinduka nikataka kumuuliza nesi kama wamemaliza au ndiyo wanaanza. Nikafungua mdomo. Ulimi ukafanya kazi yake, midomo ikafanya kazi yake, na hakuna kilichotoka, hata mnong'ono. Nikajaribu tena kwa nguvu zangu zote, zile za kumwita mteja aliye upande wa pili wa soko, na hewa ikanitoka shingoni, fyuu, ikalowesha bandeji. Ndugu yangu, nilishtuka kiasi kwamba nilijishika koo kwa mikono miwili kama mtu aliyeibiwa. Nesi akanishusha mikono polepole, akaniambia nipumue, hapo hapo shingoni, nipumue tu.

Tuliporudi nyumbani nikamkuta shangazi yetu ameshawasili na mkoba wake na ameshapanga upya jiko la watu. Unamjua, haombi ruhusa. Mke wangu alifurahi kupata msaada, akalia kidogo kwa ajili ya jiko lake, kisha wakagawana kazi. Binti yangu naye akaleta kibao cha zamani cha shule na chaki, niwe naandika ninachotaka. Hapo ndipo kichekesho kilipoanza. Siku ya kwanza nikaandika "maji". Shangazi akakisoma kibao, akaninyang'anya chaki, akaandika chini yake kwa mwandiko mkubwa: "ya moto au ya baridi?" Nikamtazama. Akanisogezea kibao puani akidhani sijaona.

Kwa shangazi, bubu na kiziwi ni pacha. Tangu lini, aliwauliza wageni, bubu akasikia? Na wageni wakamfuata. Jirani fundi viatu alinipigia kelele sikioni mpaka nikaona nyota. Wenzangu wa mnadani walikuja kundi zima, wakasimama kimya mbele ya kitanda, halafu wakajadiliana humo humo chumbani nani atachukua nafasi yangu ya kunadi, na kama koti langu la kazini nalo litanadiwa. Nilitaka kuwarekebisha, nikamwona mke wangu mlangoni ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Yeye anajua vizuri kwamba nasikia. Walipoondoka nikamwandikia: waache hivyo hivyo. Akasema nina roho mbaya, lakini akawaacha.

Basi nikawa mtu anayesikia kila kitu katika nyumba hii. Nimesikia kwamba mimi hukoroma, au nilikuwa nakoroma. Nimesikia shangazi akimwambia fundi viatu kwamba kwa jinsi anavyoniona sitaumaliza mwaka, halafu akaniletea uji na tabasamu pana, akaandika kibaoni "utapona haraka". Niliunywa. Tuseme kweli, mwanzoni niliumia, baadaye nikazoea. Maisha yangu yote mimi ndiye niliyekuwa naongea na wengine wanasubiri. Sikujua watu wana maneno mengi namna hii.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Wiki iliyopita mke wako alikuja kunitazama. Alikuja peke yake na machungwa yako, akasema uko safarini kwenye harusi. Mke wangu alikuwa amekwenda kuchukua dawa, binti yangu yuko saluni kwake anasuka, kwa hiyo alipokewa na shangazi. Shemeji akanisalimia kwa kunipungia mkono, kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Shangazi akamwambia usijisumbue, masikini hasikii kitu huyu, kaa hapa unisaidie kukunja. Wakakaa miguuni pangu wakawa wanakunja vitambaa vyangu vya shingo, vile vinavyoloweshwa na kufunikwa juu ya tundu ili hewa isiniingie kavu. Wakazungumza bei za vitu, wakamzungumza mama mkwe wako. Kisha shangazi akauliza habari zako.

Nilikuwa nimefumba macho nikamsikia shemeji akivuta kamasi. Akasema shangazi, nina jambo limenikaa kifuani, sina wa kumwambia. Akasema sauti yako imekwaruza tangu kabla mimi sijaingia hospitali, na haijawahi kurudi. Akasema ukimeza unakunja uso, na sikio la upande mmoja linakuuma bila kuwa na kidonda. Kwenye sherehe unaongeza muziki ili watu wasisikie koo lilivyochakaa, na ukifika nyumbani huongei, unaonyesha kwa vidole. Kila akikuambia hospitali unatoka nje.

Kipaza, nilifumbua macho. Hakuna aliyenitazama.

Akaendelea. Akasema ulikuja kuniona hospitali. Mimi sikujua. Akasema ulifika mpaka mlangoni mwa wodi ukanikuta nimeinamishwa, nakohoa kwa shingo, nesi ananifuta, ukageuka hapo hapo ukarudi. Usiku huo ulimwapisha mke wako, ukamwambia hata iweje asikubali wewe ukatwe. Ukamwambia, "Bora nife nikiwa mtu kuliko kuishi kama kaka."

Nimeyaandika maneno yako kama alivyoyasema, sikuongeza wala kupunguza. Nilikuwa nimekwisha kusikia mengi kitandani pale, nimesikia koti langu likigawanywa, nimesikia siku zangu zikihesabiwa, na nilicheka. Hili halikuchekesha. Nililia, mdogo wangu, na hata sijui kilichoniliza ni kipi, ni ugonjwa wako au ni hilo neno "kama kaka". Nikataka kupiga kelele nimwambie shemeji arudi nyumbani sasa hivi akakuburute kwa shati. Nilivuta pumzi nikaisukuma kwa nguvu zote, na kilichotoka ni fyuu, na makohozi. Shangazi akaruka akachukua kitambaa akanifuta shingo, akamwambia shemeji usiogope, ni mafua tu, yamemzidi leo, hata machozi yanamtoka.

Kibao kilikuwa sakafuni. Nikakiokota mwenyewe, nikaikandamiza chaki mpaka ikavunjika, nikaandika: NIMESIKIA YOTE. Nikawageuzia.

Ungeiona nyumba. Mke wako aliangusha vitambaa vyote. Shangazi alikisoma kibao, akanitazama mimi, akakisoma tena. Kwa mara ya kwanza tangu aje alizungumza na mimi kwa mdomo. Aliuliza mwanangu, kumbe unasikia? Tangu lini? Nikaandika: tangu nizaliwe. Akakaa chini, akashika kichwa, akaanza kukumbuka moja moja yale yote aliyoyasema miguuni pangu. Nilimwona akilifikia lile la kutoumaliza mwaka, maana alijipiga kofi la mdomo. Siku nyingine ningecheka mpaka tundu lipige filimbi. Siku hiyo sikumtazama tena. Nilimshika shemeji mkono, nikaandika aniambie tena, polepole, tangu lini hasa na nini kinakuuma. Akaniambia huku analia. Kwa hiyo usithubutu kumgombeza. Hakuitoa siri yako nje. Aliisema mbele ya mtu ambaye yeye aliaminishwa kwamba ni gogo.

Mke wangu aliporudi na dawa alitukuta watatu tunalia, akadhani nimezidiwa. Nilipomweleza alikaa kitandani akasema maneno mawili tu, hata yeye? Halafu akaninyang'anya kibao akakifuta kabisa, kana kwamba kikifutwa jambo litakuwa halijasemwa. Mpaka sasa ninapoandika, nyumba hii imepigwa na butwaa. Shangazi hata chumvi anasahau.

Sasa tuongee mimi na wewe. Umesema kuishi kama kaka. Ulisimama mlangoni ukaona kidogo ukaondoka nacho. Ngoja nikuonyeshe kilichobaki, na sitapamba maneno. Kuishi huku ni kubaya. Siwezi kupuliza chai ikapoa. Nikiingia kuoga nayahofia maji kama paka, maana yakiingia tunduni nimezama nimesimama. Harufu zimekwenda, kitunguu na sabuni kwangu ni sawa. Watoto wa jirani walinikimbia, mmoja akalia. Usiku wa kwanza hapa nyumbani nilimpa mke wangu mgongo, nikageukia ukutani ili asinione.

Lakini kila asubuhi, kabla hajaenda saluni, binti yangu ananikalisha penye mwanga wa dirisha. Ananisafisha tundu kwa vile vidole vyake vya kusuka, anautoa mrija unaolishikilia tundu wazi, anauosha, anaurudisha, hata sisikii maumivu. Huku ananisimulia wateja wake wote, nani kakata nywele kwa hasira, nani kachumbiwa. Zamani sikuwa najua hata jina la saluni yake. Na mke wangu amejifunza kusoma midomo yangu, tena anasoma hata yale ambayo sikutaka ayasome. Juzi nilimtukana kidogo kimoyomoyo kwa ajili ya supu, midomo ikanisaliti, akalisoma tusi lote neno kwa neno, akalirudia kwa sauti mbele ya shangazi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Na mimi nilicheka. Kicheko changu hakina mlio, ni mabega tu na pumzi, lakini mdogo wangu, ni kicheko. Kama huku ndiko kuishi kama kaka, basi kaka anaishi. Na ninakataa kuombolezwa na mtu ambaye ndiye anayekufa.

Samahani, nimeandika neno zito. Siwezi kulifuta, hii si chaki.

Kuna jambo hujui, nami nisingependa nilifiche kwa ajili ya heshima. Mnadani kila mmoja wetu anakwaruza. Koo lililochakaa kwetu ni sifa, mnadi mwenye sauti nyororo anaonekana hajafanya kazi. Yangu ilipoanza kukwaruza wenzangu walinipongeza, wakasema sasa Honi amekomaa. Nikatafuna tangawizi, nikalamba asali, nikaendelea kunadi, na mwaka ukapita. Daktari aliniambia, bila kunilaumu, kwamba ningekwenda wakati ule sauti inaanza kukwaruza, huenda wangenitibu kwa mionzi na kikoromeo kingebaki mahali pake. Nisingekatwa. Ningekuwa naongea leo. Unaelewa nilivyoshtuka ulipoletwa mkasa wako? Wewe unaikwepa hospitali ili usipoteze sauti, na huko kuikwepa ndiko kunakoipoteza. Unachokikimbia ndicho unachokikimbilia. Huenda yako si kansa hata kidogo, huenda ni uvimbe tu wa kupiga kelele harusini. Sijui. Na wewe hujui. Aangalie anayejua.

Najua utakalosema, kwa sababu nimekuongoza maisha yangu yote kwa kukuzidi maneno. Ukitaka hivi, mimi nataka vile, na mwenye sauti kubwa alikuwa mimi, na ulikubali kwa sababu ya kuchoka. Leo ukinibishia utashinda. Nimelifikiria hilo sana hapa kitandani, kwamba sasa ndipo ninapohitaji kukushawishi kuliko siku zote, na sina cha kushawishia.

Kwa hiyo sikusubiri. Mke wangu ameshazungumza na daktari yule yule aliyenikata, na amekubali kukuona Jumatatu asubuhi, kukuangalia tu, kwa kamera nyembamba inayopita puani. Barua hii inaletwa na binti yangu mkononi, naye ameagizwa asiondoke mpaka uisome mbele yake. Mpe chai. Usimpe kidole gumba.

Na Jumatatu nakuja mwenyewe. Daktari ameruhusu, shangazi amekataa, na mimi nimemsikiliza daktari. Itakuwa safari yangu ya kwanza kupita geti. Nitakuwa na kitambaa shingoni, watu wa mtaani kwako watatazama, watazame. Usimtume mtoto kusema umesafiri.

Kitu cha mwisho, sijamwonyesha mtu yeyote isipokuwa mwalimu wa hospitali anayekuja kunifundisha hapa nyumbani. Wananifundisha kuongea upya kwa kumeza hewa na kuibeua. Ndiyo, kubeua, kile tulichokuwa tunachapwa mezani kwa ajili yake. Unaimeza, unairudisha, na inapopita unaikata kwa ulimi iwe neno. Inauma, inatia aibu, na kwa muda mrefu kilichotoka kilikuwa mbweu tupu. Mwalimu anasema herufi ngumu ndizo huanza kutii, na kwamba wengi huchagua neno la kwanza wenyewe, jina la mke, jina la mtoto. Mimi tangu siku ile shemeji alipokunja vitambaa nafanyia mazoezi neno moja. Najifungia chooni na kufungulia bomba ili wasinisikie. Jana lilitoka zima. Ni sauti mbaya, Kipaza, nzito, ya chini, haifanani na yangu hata kidogo, na usingeitambua kama usingeambiwa. Ndiyo maana nakuambia mapema, ili Jumatatu ukisikia mtu mlangoni kwako anasema "toka", usidhani ni mgeni.

Nisalimie watoto, na mama mkwe umwambie asituandalie chochote, hatutakaa. Shangazi anakusalimu na anaomba usimwambie mtu kilichompata. Mke wangu anasema uvae shati lenye vifungo, ni rahisi kwa daktari.

Ni mimi kaka yako akupendaye,

Honi